Matundu Aliyoyaacha Nyundo

Mama Sindano hakupenda tundu. Mletee suruali yenye tundu dogo la kupita kijiti cha kiberiti, hatapumzika mpaka alizibe.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alikuwa akisema, huku anapitisha uzi kwenye sindano bila hata kukodoa macho.

Mtaani walimpenda kwa hilo. Nguo aliyoishona yeye ilichakaa kitambaa, lakini mshono ukabaki palepale.

Alishonea nyumbani kwake, katika chumba cha mbele kilichotazama barabara. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na pasi kubwa ya mvuke. Pasi hiyo ilifuka tangu asubuhi mpaka jioni. Pembeni alikaa mama mkwe wake, akishona vifungo. Mama mkwe alikuwa na macho makali, na mdomo mkali kuliko macho.

Asubuhi moja ya msimu wa baridi, Mama Sindano alitandaza kitambaa cheupe mezani. Alikuwa na kazi ya mashati ya wauguzi. Akashika mkasi. Kabla hajakata, tap! Tone la maji likaanguka katikati ya kitambaa.

Akatazama juu. Tap! La pili hilo. Likaacha doa la rangi ya chai.

Alitoka nje mbio. Mbingu ilikuwa safi. Ardhi ilikuwa kavu, vumbi tupu.

"Mama, usiku kulinyesha?" aliuliza aliporudi.

"Mvua gani? Hii wiki ya tatu hatujaona hata wingu."

"Basi haya maji yanatoka wapi?"

Mama mkwe akainamisha kichwa kwenye vifungo vyake. Alijua mkwe wake atajibu nini.

"Nitakwambia yanatoka wapi," alisema Mama Sindano. "Yanatoka kwa mwanao!"

Mwana huyo aliitwa Nyundo. Alikuwa fundi wa mabati, na mdogo wa mume wa Mama Sindano. Yeye ndiye aliyeiezeka nyumba ile miaka miwili iliyopita. Tangu hapo, Mama Sindano hakuwa na raha na lile paa. Msimu wa joto chumba kiliwaka kama tanuri. Mama mkwe alikimbilia barazani kila mchana. Msimu wa baridi ukija, kuvu jeusi lilitambaa kwenye pembe za dari. Na sasa maji.

"Mabati ya mtumba haya," alisema Mama Sindano. "Au misumari kaiba nusu. Nakuapia, Mama, kuna kitu kafanya."

Hakuyasema hayo kwa mama mkwe peke yake. Mteja akija kupimwa, alikuwa anapimwa na kuonywa papo hapo. "Ukitaka kuezeka, mwite yeyote, ila si shemeji yangu." Na maneno ya chumba cha mshonaji, ndugu msomaji, hayakai chumbani. Watu wawili waliokuwa wamekubaliana na Nyundo kazi ya paa wakatafuta fundi mwingine.

Nyundo alipata habari. Akaacha kuingia nyumba ile. Alimsalimia mama yake kutoka barabarani, akapita. Tena akaanza kupeleka suruali zake kwa mshonaji wa ng'ambo ya barabara.

"Kwa yule!" Mama Sindano alishangaa. "Yule anayeshona mfuko ukatazama nyuma! Sasa mtu asiye na hatia anaweza kufanya hivyo?"

Mume wake alikuwa dereva wa gari la mikate. Alikuwa mtu mpole, na watu wote mtaani walimwita Dereva. Jioni akirudi alikuta mashtaka mapya.

"Mke wangu, yule ni ndugu yangu wa tumbo moja."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mume wangu."

"Labda si paa."

"Si paa ni nini? Labda kuna mtu anapanda darini kutumwagia maji?"

Aliyasema kwa hasira, lakini kisha wazo likamkaa. Kwa nini isiwe hivyo? Basi akachukua uzi mweusi. Akaufunga kwenye mfuniko wa kupandia darini, kwa fundo lake mwenyewe ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Mtu akipanda, uzi utakatika.

Asubuhi ya kwanza uzi ulikuwa mzima, na matone yalianguka. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu, Dereva alimkuta juu ya kiti, anaukagua uzi ule kwa miwani.

"Sasa unamshuku nani? Panya?"

"Panya hawabebi ndoo," alijibu Mama Sindano. "Ni paa. Nimethibitisha."

Mama mkwe akaweka kifungo chini. Safari hii sauti yake haikuwa na ukali, na hilo likawatisha wote wawili.

"Jumapili nawataka wanangu wote mezani. Kama Nyundo kaezeka vibaya, akiri mbele yangu. Kama hakukosa, basi kuna mtu atamwomba radhi mbele yangu. Nimechoka kula na mtoto mmoja huku mwingine ananipungia mkono toka barabarani. Sitaki kufa wanangu hawasemezani."

Mama Sindano aliitikia, "Sawa, Mama." Moyoni akasema: Jumapili nitakuja na ushahidi, na tuone.

Alhamisi akaja mteja, mwanamke mwembamba aliyevaa ovaroli. Watu walimwita Upepo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga feni na mitambo ya hewa madukani na kwenye maghala. Alitaka mikono ya ovaroli ipunguzwe. Alipokuwa anapimwa, tap! Tone likamwangukia begani.

Upepo hakulifuta. Alitazama dari, akatazama pasi inayofuka, akatazama tena dari.

"Dada, haya matone huanguka saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa mbili, saa tatu, jua likishapanda kidogo."

"Na mvua kubwa ikinyesha?"

Mama Sindano hakulipenda swali hilo hata kidogo.

"Sikumbuki," alisema. Alikumbuka vizuri sana. Msimu wa mvua uliopita, mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na hakikudondoka kitu.

"Naweza kupanda nikaangalie?"

Mama Sindano akamkazia macho. "Unamjua Nyundo?"

"Namjua. Tumefanya kazi pamoja kwenye ghala la unga."

Ahaa! Mama Sindano akatikisa kichwa taratibu. Wamepanga hawa. Huyu katumwa. "Utapanda," alisema. "Lakini mimi nitakuwa nyuma yako. Na kabla ya kupanda nataka nijue unatafuta nini."

"Haki yako," alisema Upepo. "Basi tuanze hapa chini. Kesho shemeji Dereva hayuko kazini? Nahitaji mtu wa kumwaga maji."

Ijumaa mchana, jua likiwa kali, Dereva alipanda ngazi akiwa na mpira wa maji. Akamwagia paa lote, tangu kileleni mpaka ukingoni, nusu saa nzima. Chini, Mama Sindano alikuwa ametandaza vitambaa vyeupe mezani na sakafuni. Alisimama katikati, mikono kiunoni, macho juu. Lingedondoka hata tone moja, angeliona.

Halikudondoka.

"Labda maji yalikuwa machache," alisema.

"Machache?" Dereva aliingia, anatiririka. "Mimi nimelowa mpaka soksi!"

Mama mkwe akaficha kicheko kwenye kanga.

"Bati halina tundu," alisema Upepo. "Mama, naomba sufuria yenye maji ya moto, na mfuniko wake."

Sufuria ikaletwa. Wakasubiri kidogo. Upepo akainua mfuniko, akaugeuza. Chini yake matone yalikuwa yamejipanga, mengine yakadondoka mezani.

"Mfuniko huu umetoboka?"

"Haujatoboka," alisema mama mkwe.

"Kuna mtu kamwaga maji juu yake?"

"Hakuna."

"Basi yametoka wapi?"

Mama Sindano alijibu kwa shingo upande. "Yametoka ndani. Ni mvuke."

"Ndiyo hivyo na nyumba yako, dada. Pasi yako inatoa mvuke kutwa. Jikoni mnachemsha. Bafuni mnaoga maji ya moto. Hata pumzi zetu zina unyevu. Hewa hiyo ya joto hupanda, ikapenya pembeni mwa dari, ikaingia kwenye uwazi ulio chini ya bati. Usiku bati linakuwa baridi. Mvuke ukigusa bati baridi unageuka maji. Jua likipanda, maji yanaanza kudondoka."

"Na madoa ya chai?"

"Vumbi la mbao na kutu ya misumari. Ukiacha hivyo miaka, mbao zinaoza na kuvu linashuka vyumbani. Watu wanakohoa."

Mama mkwe akajishika kifua. Msimu ule alikuwa amekohoa sana.

"Na joto la kiangazi?" aliuliza Dereva.

"Ugonjwa ni uleule. Bati likipigwa na jua, hewa ya chini yake inakuwa moto. Haina pa kutokea, basi inakaa pale juu kutwa, inawachoma kupitia dari."

Hapo uso wa Mama Sindano ukang'aa. "Haina pa kutokea! Mmesikia? Kwa hiyo Nyundo hakuacha pa kutokea!"

"Ndicho ninachotaka kupanda kukiona," alisema Upepo. "Fundi anayejua kazi huacha matundu. Madogo chini, ukingoni mwa paa, hewa safi iingie. Makubwa juu, kwenye pembe za ukuta chini ya kilele cha paa, hewa ya moto itoke."

Mama Sindano akarudi mezani.

"Panda tu, fundi," alisema, akichukua mkasi. "Mimi nina mashati ya watu hapa."

"Si ulisema utakuwa nyuma yangu?"

"Nakuamini."

"Tangu lini?" aliuliza mama mkwe. "Panda, mwanangu. Wewe ndiye uliyetaka ushahidi."

Upepo alizima kwanza umeme kwenye swichi kubwa. "Kanyaga mbao tu," alimwambia Mama Sindano. "Ukikanyaga dari utashukia mezani." Wakapanda, Upepo mbele na tochi.

Juu kulikuwa na joto zito lenye harufu ya nguo zilizokaa mbichi. Mbao zilikuwa na kuvu. Upepo akamulika pembe ya ukuta. Tundu lilikuwepo, kubwa la kutosha, limewekwa wavu wa waya vizuri. Na mbele ya wavu lilikuwa limezibwa kwa vitambaa. Bluu ya sare za shule. Kaki. Nyekundu ya mirabamiraba. Vilikuwa vimekunjwa, vikakazwa, vikashonwa pembe zote nne kama mto mdogo. Mshono wa mara mbili.

Mtaa mzima, ni mtu mmoja tu aliyeshona vile.

Mama Sindano aliukumbuka mchana ule wote. Walikuwa wamehamia wiki moja tu. Vumbi lilikuwa linaingia, kitambaa cha mteja kikachafuka. Akapanda kutazama, akaona matundu. Moja huku, moja kule, na mengine madogo yamejipanga ukingoni. Alishtuka. Fundi gani anaacha matundu hivi? Mvivu huyu! Akachukua mabaki ya vitambaa, akayaziba yote, moja baada ya jingine. Hakumwambia mtu. Tena alijisifu, eti kamsitiri shemeji yake. Kisha kazi zikawa nyingi, akasahau.

Upepo alipitisha tochi ukingoni. Matundu madogo kumi na moja. Yote yamezibwa.

"Kazi safi," alisema Upepo kwa sauti ndogo. Hakucheka.

Walivitoa vitambaa vyote, wakavitia kwenye gunia. Kabla hawajashuka, Upepo alinong'ona. "Dada, kazi yangu mimi ni hewa. Mambo yenu ya Jumapili siyajui. Ukitaka nilitupe gunia hili, nitalitupa njiani."

Chini Dereva aliita, "Mmeona nini?"

"Giza," alijibu Mama Sindano. Akalichukua gunia mwenyewe.

Jumamosi nzima gunia lilikaa chini ya meza ya kukatia. Mama Sindano alilisukuma kwa mguu, likazidi kuonekana. Alimshuku mama mkwe kuwa ameshalifungua. Alimshuku Upepo kuwa ameshamwambia Nyundo. Alimshuku mume wake kwa kunyamaza. Jioni alichoka. Akaketi, akagundua kuwa katika nyumba ile amebaki mtu mmoja tu ambaye hajamshuku, naye ndiye mwenye kosa. Aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka.

Jumapili Nyundo alikuja. Alikaa karibu na mlango, kofia mkononi, kama mgeni. Hakumtazama shemeji yake.

"Haya," alisema mama mkwe. "Mshtaki aseme."

Mama Sindano alisimama. Akaliweka gunia mezani, akalimimina. Mito midogo ya bluu, kaki na nyekundu ikasambaa mbele yao.

"Hivi ndivyo vinavyodondosha maji," alisema. "Shemeji, uliacha matundu ya hewa, mimi nikayaziba. Nilidhani ni uvivu wako. Paa lako halina kosa. Kosa ni langu, nami nimekuchafua jina. Nisamehe."

Nyundo aliokota mto mmoja, akauvuta kwa nguvu. Haukufumuka.

"Shemeji, hata misumari yangu haikukaza hivi," alisema. Dereva akacheka, kisha akaacha, maana Nyundo mwenyewe hakuwa anacheka. "Iliniuma. Nyumba mbili zilinikataa. Mke wangu akaniuliza kama kweli mimi naiba misumari. Mke wangu! Kwa nini hukuniuliza wewe kwanza?"

"Nilijiona najua. Kwangu mimi tundu ni ufa."

"Si kila tundu ni ufa, shemeji." Nyundo akashusha pumzi. "Na mimi nilikosa. Niliacha matundu, sikumweleza mwenye nyumba yana kazi gani. Nikaondoka na ngazi yangu."

"Nitazunguka," alisema Mama Sindano. "Kila mtu niliyemwambia ubaya wako, nitamfuata nimwambie ukweli."

"Ni wengi," alisema mama mkwe.

"Nina miguu."

Siku hiyo Nyundo alikula na mama yake. Mama mkwe hakusema kitu kikali mpaka walipomaliza, na hapo alimwambia tu mkwe wake: "Kumbe kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

Jumatatu kazi ilianza. Nyundo alisafisha nyavu, akaongeza wavu mwembamba mbele kupunguza vumbi. Alikausha mbao na kubadilisha moja iliyoanza kuoza. Aliziba nyufa za pembeni mwa dari, mvuke wa vyumbani usipande.

"Hizo nyufa unaziba!" alisema Mama Sindano.

"Hizi ndizo ulizopaswa kuziba wewe," alijibu Nyundo.

Upepo aliweka bomba la kutoa mvuke wa pasi nje kabisa, si darini. Kisha akafunga feni kwenye tundu moja kubwa la juu, na kisanduku kidogo pembeni yake.

"Nyumba nyingine matundu peke yake yanatosha," alieleza. "Nyumba yako ina mvuke mwingi. Kisanduku hiki kinapima joto na unyevu. Joto la darini likizidi, kinawasha feni. Unyevu ukizidi, kinawasha. Ukipungua, kinazima. Kiangazi na baridi, mwaka mzima."

"Kinajiwasha chenyewe?" Mama Sindano akarudi nyuma. "Nani anakiambia?"

"Hakiambiwi. Kinapima."

"Na siku ya ukungu, hewa ya nje nayo ikiwa mbichi? Si kitatuletea maji ndani?"

Upepo akatabasamu. "Swali zuri. Kinapima na nje pia. Nje kukiwa na unyevu kuliko ndani, kinatulia. Lakini kumbuka: feni inatoa hewa juu, na hewa safi lazima iingie kwa matundu ya chini. Ukiyaziba, feni itanyonya hewa ya vyumbani na kuupandisha mvuke tena. Na waya wa umeme asiguse asiye fundi."

Mama Sindano hakuamini kwa maneno. Alifunga uzi mrefu mwekundu nje, mbele ya tundu la feni. Uzi ukipepea bila upepo, feni inafanya kazi. Wiki mbili alitoka nje na daftari lake la vipimo vya wateja, akaandika. Mchana wa jua kali, uzi unapepea. Siku ya kupiga pasi mashati ishirini, unapepea. Alfajiri ya ukungu, umetulia.

"Bado unalipeleleza paa?" aliuliza Dereva.

"Namalizia," alisema.

Asubuhi zikapita bila tone. Kuvu walilisugua, halikurudi. Msimu wa joto ulipofika, mama mkwe alibaki kwenye kiti chake mchana kutwa. Haikuwa baridi ya jokofu, lakini alishona vifungo bila kujipepea, na kikohozi kilikuwa kimemwacha.

Mama Sindano alizunguka kama alivyoahidi. Nyumba moja moja alisema, "Nilikosea kuhusu shemeji yangu." Wengine walimcheka usoni. Alivumilia. Mmoja wa wale wawili waliomkataa Nyundo alikuwa bado hajaezeka jikoni na choo. Akampa Nyundo kazi hiyo.

Siku moja mlango ulibishwa. Alikuwa Nyundo, na suruali ya kazi mkononi.

"Shemeji, yule wa ng'ambo kanishonea mfuko ukatazama nyuma."

"Si nilisema mimi!" Mama Sindano aliipokea suruali kwa mikono miwili. Akajifanya anatafuta miwani.

Aliifungua mezani. Goti lilikuwa limechanika. Akavuta kile kitambaa cha bluu kilichokuwa darini, sasa kimefuliwa na kunyooshwa, akakipima kwa kiraka. Kisha akaona tundu jingine, dogo, pembeni mwa mfuko. Sindano ilikuwa tayari mkononi. Akaishusha.

"Shemeji," aliuliza, "tundu hili nilizibe, au lina kazi yake?"

Nyundo akainama, akalitazama kwa makini.

"Hilo ziba," alisema.